Buti zinazomeguka, makoti yanayovuja: vifaa vya zamani vya mlimani na magonjwa yake

Kila Juni, masika yakishakatika na magari yakaanza kupeleka wageni wa Kilimanjaro Machame na Marangu, meza yangu ya kazi hapa Moshi hujaa vitu vile vile. Buti zilizoachama mdomo. Jaketi lenye mba. Hema linalonata kama lami ya saa saba mchana. Wenyewe ni wagumu, yaani wapagazi, pamoja na wapishi na waongoza watalii, na vifaa vyao karibu vyote ni vya zamani: vingine vya mitumba ya Memorial au Kiboriloni, vingine vimeachwa na wageni siku ya kugawana tipu, vingine vimerithiwa kwa kaka aliyeacha kazi ya mlima. Nami nilibeba mizigo kabla magoti hayajanigomea. Tangu hapo nashona.

Karibu kila tatizo utakalosoma hapa chini lina mzizi mmoja. Vifaa vya namna hii mara nyingi haviuawi na mlima, vinauawa na stoo. Koti linalopanda kila msimu hukuonyesha lilipochanika, ukaziba. Lililolala miaka minane sandukuni na unyevu wake halimwambii mtu kitu, rangi bado inang'aa, hadi siku ya kulihitaji. Kwa hiyo usipime kifaa kwa macho. Kipime kwa kidole, kwa maji, na kwa kukivuta. Na ukipimie nyumbani wiki mbili kabla ya safari, maana kule kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushei, hakuna fundi.

Soli inabanduka au inameguka

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea buti za bluu, karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye kamba. "Fundi, nibadilishie kamba tu. Hizi hazijavaliwa hata siku moja."

Nikabonyeza kwa kidole gumba pale kati ya soli ya chini na ngozi ya juu. Ukucha ukazama. Nilipoutoa ukaja na chenga za kahawia kama za mkate mkavu. Nikamwambia, mdogo wangu, hizi zimekufa. Akaniangalia kana kwamba nataka kumwuzia zangu. Siku ya sita alirudi kwa njia ya Mweka, soli ya kulia imefungwa kwa kamba ya hema, ya kushoto haipo kabisa.

Sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

1. Gundi imechoka. Soli inafunguka kwa mbele au kisiginoni, lakini ukiifunua pande zote mbili ni ngumu na nzima.
2. Sponji ya kati imeoza. Buti nyingi za kutembea milimani zina tabaka la poliurethani kati ya soli na ngozi, la kupunguza mshindo. Unyevu wa hewani huivunja kemikali hiyo taratibu, hata buti zikiwa zimekaa kwenye boksi lake. Ikifika miaka kumi hivi, wakati mwingine kabla ya hapo, hugeuka chenga. Joto na unyevu huiharakisha, kwa hiyo buti iliyofungiwa stoo ya Dar au Tanga iko hatarini kuliko iliyokaa mahali pakavu penye hewa.
3. Ngozi ya juu imekauka ikapasuka pale inapokutana na soli, hivyo gundi haina pa kushika.

Kipimo ni cha dakika moja. Bonyeza sponji ya kati kwa kidole gumba kuzunguka buti nzima. Ikunje buti mbele, uangalie kama kuna mistari ya nyufa. Ikwaruze kwa ukucha. Isipotoa unga na isipozama, una sababu ya kwanza tu, na hiyo ni kazi ya jioni moja: osha, kausha kabisa, piga msasa pande zote mbili mpaka ziwe na mikwaruzo, paka gundi ya viatu nyembamba huku na huku, subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka kidole kisinate, kisha kutanisha na gonga kwa nyundo. Weka uzito juu yake usiku kucha. Kesho yake mpelekee fundi viatu aishone soli kuzunguka pembeni kwa uzi wa nailoni. Gundi peke yake kwenye tope la msitu wa Machame siidhamini.

Ukipata chenga, usishone. Fundi wengi wa barabarani watakushonea, na mshono utaonekana imara, ila uzi utakuwa umeshika unga. Dawa ni kuitoa sponji yote mpaka kwenye ngozi, kuweka tabaka jipya la sponji ya EVA au la mpira, ndipo soli irudi. Hiyo ni kazi ya fundi viatu mwenye mashine, na inafaa kwa buti za ngozi nzito tu. Kama sehemu ya juu ni kitambaa kilichobandikwa, pesa yako inunulie buti nyingine.

Buti zilizotengenezwa hivyo zivae mjini kwa siku kadhaa kabla ya kuziamini. Pandisha nazo ngazi, beba ndoo ya maji. Na kama soli imeachia ukiwa juu ya kambi ya Karanga, funga kwa kamba, mwambie kiongozi wako, na ushuke. Usiku wa kilele si wa kujaribia kamba: nyuzi kumi chini ya sifuri ni jambo la kawaida huko, na vidole vya miguu vikifa ganzi vikabadilika rangi kuwa vyeupe au kijivu, hiyo ni kazi ya daktari. Usivisugue na usivichome moto.

Kuhusu moto: nusu ya ngozi zilizopasuka ninazoziona zilianikwa karibu na jiko. Ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto husinyaa na kuwa ngumu kama kigae. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa, weka kivulini penye upepo. Ikikauka, paka mafuta ya ngozi au dawa ya viatu yenye nta.

Jaketi la mvua linapitisha maji

Hapa watu hukosea utambuzi kabla hata hawajaanza kutibu. Mgumu aliyebeba kilo ishirini katika msitu, pale chini ya mita 2,800, anatoka jasho kuliko bomba. Akivua jaketi akakuta fulana imelowa, anasema jaketi linavuja. Mara nyingi halivuji.

Jaketi la aina ya Gore-Tex, ile iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970, lina utando wenye vitundu vidogo kuliko tone la maji lakini vikubwa kuliko mvuke. Mvua inabaki nje, jasho linatoka likiwa mvuke. Sasa, kitambaa cha nje hupakwa dawa inayofanya maji yatiririke kama kwenye jani la mgomba. Dawa hiyo ikiisha, au ikizibwa na uchafu na mafuta ya mwili, kitambaa cha nje hunyonya maji. Utando wa ndani bado mzima, ila mvuke wa jasho hauna pa kutokea. Unalowa kwa jasho lako mwenyewe, na baridi inaingia.

Anza hivi. Nyunyiza maji begani na kwenye mikono. Yakijikusanya kuwa vitone na kudondoka, dawa ipo. Yakienea na kitambaa kubadilika rangi kuwa cheusi, dawa imezibwa au imekwisha, na hii ndiyo sababu inayoongoza kwa mbali.

Osha kwanza. Tumia sabuni ya maji isiyo kali, kidogo sana, maji ya uvuguvugu, na suuza mara tatu. Sabuni ya unga huacha mabaki yanayovuta maji, na dawa ya kulainisha nguo ni sumu kwa kazi hii. Usikamue kwa kusokota. Likikauka, pasi ya joto la chini bila mvuke, huku umeweka kitambaa cha pamba juu yake, huiamsha dawa iliyobaki. Lakini soma lebo kwanza, kuna majaketi yasiyopigwa pasi. Nimeona majaketi ya miaka kumi na tano yakifufuka kwa kuoshwa tu. Mwenyewe alikuwa haoshi akiogopa kuliharibu! Kama baada ya pasi maji bado yanaenea, hapo ndipo utafute dawa ya kupulizia, inayopatikana kwa wenye maduka ya vifaa vya mlima.

Kama maji yanaingia kweli, ligeuze jaketi nje ndani. Angalia tepu nyembamba zilizobandikwa juu ya mishono. Zikiwa zimeinuka kingo au zimejikunja kama ganda la kitunguu, umempata mwizi. Kipimo cha uhakika: shika sehemu ya mshono kama mfuko, mimina kikombe cha maji upande wa nje wa kitambaa, subiri dakika tano uone chini. Tepu iliyoachia kidogo hurudishwa kwa gundi ya mishono, ile inayobaki laini ikikauka. Gundi ya viatu huganda ikapasuka kila ukikunja mkono. Safisha kwa spiriti, paka nyembamba, acha usiku mzima.

Tundu dogo la cheche au mwiba ni rahisi: kiraka cha kubandika chenye kona za mviringo, kwa ndani na kwa nje. Kona za mraba huanza kubanduka siku ya kwanza. Na usishone tundu la jaketi la mvua kwa sindano kavu ukaliacha hivyo. Kila tundu la sindano ni mlango.

Sababu ya mwisho ndiyo ile mba. Bitana ya ndani inatoa magamba meupe yanayobaki kwenye sweta, au utando umejitenga na kitambaa ukafanya mapovu chini yake. Hilo ni jaketi lililofikia mwisho wake kama jaketi la mvua. Hakuna fundi wa kulibandika upya, mimi wala mwingine, na atakayekuambia analiweza muulize atakurudishia pesa mvua ikinyesha? Livae kama kizuia upepo kwenye ukavu wa juu, huko bado linafaa sana.

Zamani tulikuwa na dawa ya maskini: rambo. Mfuko mmoja ndani ya buti kila mguu, mwingine mkubwa ndani ya begi. Tangu mifuko ile ilipopigwa marufuku Juni 2019, wengi wamehamia viroba na mifuko mizito ya mpira, ambayo kwa kweli ni bora zaidi kwa mzigo. Nguo za kulalia ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji hata kama jaketi lako ni jipya. Ukiwa na nguo kavu kambini, jaketi linalovuja ni kero tu. Usipokuwa nazo, mambo ni mengine: mtu aliyelowa akianza kutetemeka bila kuacha, kujikwaa na kuongea kama mlevi, achana na habari za jaketi. Mvue nguo mbichi, mvike kavu, mpe kinywaji cha moto kama anameza vizuri, na mshusheni. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hajapona, amezidiwa.

Hema au begi linanata na kunuka

Unalifungua hema baada ya masika na linakushika mikono, harufu yake kama ya matapishi ya mtoto. Watu husema ni kuvu. Mara nyingi ni lile lile la buti: poliurethani iliyopakwa upande wa ndani wa kitambaa ili kuzuia maji imevunjwa na unyevu, ikageuka gundi.

Kama ni madoa meusi yenye harufu ya ghala, hiyo ndiyo kuvu. Sugua kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, anika kivulini mpaka likauke kila pindo. Doa linaweza kubaki, harufu itapungua. Usitie dawa ya kutoa madoa, inakula nyuzi.

Kama linanata, angalia limenata kiasi gani. Sehemu chache tu kwenye pindo? Paka poda ya mtoto, litavumilia msimu. Limenata lote na magamba yanatoka? Basi mpako huo hauokoleki, lakini kitambaa chenyewe huenda ni kizima. Loweka kwenye maji ya moto ya kustahimilika na magadi, kisha sugua kwa brashi mpaka mpako wote utoke. Ni kazi ya mchana kutwa na mikono itakuchoka. Utabaki na kitambaa kisichozuia maji kabisa, ambacho kwa mfuko wa ndani wa begi hakina shida. Kwa hema la nje, itabidi upake upya, na kabla ya kununua dawa jua kitambaa chako: kilichopakwa silikoni hushika dawa ya silikoni tu, cha poliurethani hushika ya poliurethani. Ukikosea, itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Kipimo cha mwisho kwa hema lolote la zamani: shika kitambaa cha juu, pale palipopigwa jua zaidi, kwa vidole viwili vya kila mkono, uvute kwa nguvu ya kiasi. Kikichanika kama karatasi, jua limeshakila. Nailoni haipendi jua, na jua la mlimani ni kali kuliko la mjini. Hema la namna hiyo usiliwekee viraka, kwa sababu kiraka kitakuwa imara kuliko kinachokizunguka na litapasuka pembeni yake usiku wenye upepo.

Ufito ukivunjika, tafuta bomba fupi la alumini linalopita juu yake, lipitishe pale palipovunjika, funga tepu ncha zote mbili. Mpira wa ndani ukilegea, ukate ufupishe, ufunge fundo jipya.

Zipu haifungi, au inafunga na kufunguka nyuma

Hili la pili ndilo linalowatoa watu machozi: unapandisha, inapanda, lakini nyuma ya kichwa meno yanaachana. Wengi hukimbilia kubadilisha zipu nzima, na fundi cherehani atakubali kwa sababu ndiyo kazi yenye pesa. Meno kwa kawaida ni mazima. Kilichochoka ni kichwa cha zipu, ambacho kimepanuka kwa kuvutwa miaka mingi na kula vumbi.

Vumbi la juu ya kambi ya Horombo wakati wa kiangazi ni laini kama unga wa muhogo na linakwaruza kama msasa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni mswaki wa zamani, maji na sabuni, usugue meno pande zote mbili, suuza, kausha. Kama zipu ilikuwa nzito tu, pitisha mshumaa au ncha ya penseli juu ya meno. Usitumie mafuta ya kula. Yanakusanya vumbi na baada ya siku mbili una tope.

Bado inaachana? Chukua koleo dogo. Rudisha kichwa cha zipu mwanzo kabisa, ukibane kidogo upande wa kushoto, kidogo upande wa kulia, kisha jaribu. Kidogo maana yake kidogo: unabana, unajaribu, unabana tena. Ukibana kwa pupa, kichwa cha chuma laini hupasuka na hapo huna tena cha kujaribia.

Kikipasuka au kisipokubali, geuza kichwa uangalie mgongoni mwake. Mara nyingi kuna namba, 5, 8 au 10, na herufi za kampuni, nyingi zikiwa YKK, ile ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934. Tafuta kichwa chenye namba ile ile na aina ile ile ya meno, ya nyuzi zilizojikunja au ya plastiki moja moja. Mimi hununua majaketi yaliyochanika kabisa kwa ajili ya vichwa vyake tu. Nina kopo zima. Fumua nyuzi mbili tatu mwisho wa zipu, chomoa cha zamani, ingiza kipya, shona mwisho wake tena. Dakika ishirini.

Meno yaliyong'oka katikati, au utepe wa zipu uliochanika, hapo ndipo fundi cherehani anapostahili pesa yake.

Begi la kulalia halina joto

Kabla ya kulilaumu begi, angalia ulichotandika chini. Sababu inayoongoza ni godoro la sponji lililolaliwa mpaka likawa jembamba kama chapati. Uzito wako hubana manyoya ya chini ya mgongo, kwa hiyo ardhi inakunywa joto lako moja kwa moja, begi liwe la bei gani. Weka magodoro mawili au tandika kiroba cha nguo chini yako usiku mmoja, ulinganishe.

Pili, unyevu. Begi lililokunjwa asubuhi likiwa na mvuke wa usiku, likafunguliwa jioni, likakunjwa tena, kufika siku ya nne limejaa maji yasiyoonekana. Lianike juani kila mapumziko ya mchana.

Tatu, uchafu na kubanwa. Manyoya laini ya bata hushika joto kwa sababu yamejaa hewa. Mafuta ya mwili huyagandisha, na stoo iliyolibana mwaka mzima ndani ya mfuko wake mdogo huyazoesha kulala. Lifungue sakafuni, lipigepige, liache saa mbili. Likiinuka sawasawa, tatizo lilikuwa kubanwa. Kuanzia leo lihifadhi limening'inizwa au kwenye shuka kubwa. Likibaki na mabonge na sehemu tupu, lioshe.

Kuosha ndiko wengi hulimalizia. Tumia beseni kubwa, sabuni ya maji kidogo, likanyage taratibu kwa miguu kama unavyokanyaga blanketi, suuza mpaka povu liishe. Linapokuwa limelowa usilinyanyue kwa ncha moja: maji yana uzito, na kuta za ndani zinazotenga manyoya zitachanika. Libebe lote kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Tandaza juu ya wavu, ligeuze kila baada ya saa chache, na kila linapokauka kiasi uvunje mabonge kwa vidole. Kwa jua la Moshi ni siku mbili hadi tatu. Ukilikunja likiwa na bonge moja bichi katikati, litaoza.

Yale ya nyuzi za plastiki ni rahisi kuosha lakini yana kikomo. Nyuzi zikishavunjika hazirudi. Begi la namna hiyo lililokuwa nene na sasa limekuwa kama shuka, lifanye la pili, la kufunikia juu ya jingine. Mgumu asiye na jingine aulize pale Moshi kwenye mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ambao huazimisha wapagazi mavazi ya mlima bure.

Jiko la pampu halina nguvu

Magenge mengi sasa yanapikia gesi, lakini majiko ya mafuta ya taa ya shaba bado yapo, na ya zamani ni magumu kufa. Ukipampu na mkono ukawa mwepesi bila upinzani, ile ngozi ya duara ndani ya pampu imekauka. Ichomoe, itonee mafuta ya cherehani, iminye kwa vidole mpaka ipanuke, irudishe. Moto ukiwa wa njano na unaruka, zibua tundu kwa sindano yake. Hayo unaweza.

Yasiyo yako: mafuta yanayochuruzika kwenye maungio ya tangi, tangi lililovimba, valvu inayopiga filimbi. Zima, toa presha, peleka kwa fundi. Usilichomee mwenyewe, tangi lililokuwa na mafuta ya taa limejaa mvuke hata likionekana tupu. Kwa gesi, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Likitoa mapovu, badilisha mpira, usiufunge tepu.

Na jiko lolote, lisiwashwe ndani ya hema la kulala eti kupasha joto. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Kichwa kuuma na kichefuchefu watu watasema ni urefu wa mlima, na ndivyo inavyowakuta wamelala.

Taa ya kichwa haiwaki

Fungua nyumba ya betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma ni betri zilizovuja stoo. Vaa kitu mkononi, sugua kwa pamba yenye siki au ndimu, futa kwa maji kidogo, kausha, piga msasa laini. Toa betri kila ukirudi. Basi.

Kamba, mikanda ya kukwelea na kofia ngumu

Njia za kawaida za Kilimanjaro hazihitaji kamba, ila nazipokea kutoka kwa vijana wanaokwenda kukwea Batian kule Mlima Kenya, kilele cha mita 5,199 kisichofikika bila kamba. Wananiletea niziwekee mshono hapa, mshono pale. Sishoni. Kamba au mkanda wa zamani usiojua ulivyotumika, wenye sehemu iliyofura, ngumu, iliyopauka au yenye doa la asidi ya betri, hauna kipimo cha nyumbani. Watengenezaji huweka kikomo cha miaka kumi hivi hata kwa uliokaa bila kutumika. Kofia iliyowahi kupigwa na jiwe vivyo hivyo, hata kama ufa hauonekani.

Kamba hizo huwa naomba waniachie nizikate vipande vya mita mbili mbili mbele yao, ili isije ikatokea mtu akaiokota nzima akaiamini. Kipande kimoja kimemfunga mbuzi wa jirani hapo nje.